Kamraba kalikuwa kakipotea juani: nilivyokarudisha

Kila jua la jioni liliponipiga ubavuni, kale kamraba ka kulengea kwenye kamera yangu ya renjifainda (unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, na picha mbili zikiungana ndani ya kamraba, lenzi imelenga umbali sahihi) kaligeuka weupe mtupu. Kulenga kukawa bahati nasibu. Nililaumu lenzi bure. Kwenye renjifainda jicho halipiti kwenye lenzi hata kidogo! Jicho hupitia vioo vya madirisha madogo ya kamera, na kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila uso, ndiyo maana utando wa kupunguza mwakisiko aliobuni Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935 ulithaminiwa sana. Nikafuta alama za vidole kwenye madirisha yote: nafuu kidogo. Dawa ikawa kipande cha selotepu juu ya dirisha la kioo cha ukungu, lile linaloangazia mistari ya fremu, yaani ile inayoonyesha mipaka ya picha. Mistari imefifia, lakini kamraba kanaonekana. Jua likizidi, nasogeza jicho katikati kabisa.