Umekosa Nini Hata Ukaletwa Huku?

Siku nilipowaaga nyumbani Tanga, mjomba aliuliza mara mbili: "Siberia? Huko si ndiko wanakotupwa wafungwa?" Kwetu mwalimu akihamishiwa Sumbawanga tu watu humpa pole, sembuse Siberia. Mama akaanza kulia upya.

Mjomba hakukosea. Huku imewahi kutupwa hata kengele. Mwaka 1591 mtoto wa mfalme wa Urusi, Dmitri, alikufa katika mji wa Uglich. Kengele ikapigwa, watu wakafanya ghasia. Wakubwa wakaiadhibu kengele yenyewe. Wakaikata ulimi, wakaing'oa sikio, wakaipeleka Tobolsk. Ilirudishwa kwao 1892! Wenzangu wakilalamika kuhusu viza, huwa nawasimulia kisa hicho.

Mimi nipo Tomsk, nasoma uhandisi. Baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri, vinyweleo vya puani huganda ukivuta pumzi, na simu ukiitoa mfukoni huzimika hapo hapo. Ila ndani ni kwingine kabisa. Mabomba ya maji moto huchemsha bweni zima, tunashinda na fulana, na nyama tumeining'iniza nje ya dirisha kwenye mfuko. Friji ya bure. Kusema kweli baridi ya Lushoto ilinitesa zaidi, maana ile unaingia nayo mpaka kitandani.

Mlangoni pa bweni hukaa bibi mmoja mkali. Wiki ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akauliza: "Wewe umekosa nini?" Kirusi changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikadhani sikufuta viatu, nikaomba radhi. Alicheka hadi akakohoa.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Nyanya yake aliletwa kwa nguvu na serikali ya Stalin miaka ya 1930, kwa tishali. Matishali nayajua, nimekua nikiyaona bandarini Tanga yakipakua mizigo ya meli. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kupakiwa watu. Mei 1933, zaidi ya watu 6,000 walishushwa kwenye kisiwa cha mto Ob karibu na kijiji cha Nazino, mkoa huu huu wa Tomsk. Nyumba hakuna, vyombo hakuna. Walipewa unga mtupu, wakaukoroga kwa maji ya mto. Zaidi ya 4,000 walikufa au wakapotea. Nyanya yake bibi alikuwa wa tishali lingine, akashushwa kwingine, akapona.

Mjini kuna makumbusho chini ya jengo lililokuwa gereza la polisi wa siri wa Stalin. Niliingia mara moja. Sirudi.

Darasani ukiuliza wazee wao walifikaje huku, huyu babu yake ni Mjerumani wa kando ya mto Volga, huko Urusi, aliyehamishwa kwa nguvu 1941, yule wa kwao walikuwa wakulima walionyang'anywa ng'ombe na shamba. Aliyekuja kwa hiari, tena kwa kushindania nafasi, ni mimi.

Nikamwambia bibi hivyo, kwamba niliomba mwenyewe. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa, asiseme kitu. Kesho yake akaniletea valenki, vile viatu vya sufu iliyoshindiliwa, vya marehemu mumewe. Vinanibana vidole. Ndivyo ninavyovaa.