Tulivyolipa Jua Kisogo Ngong

Mjomba alikuja Nairobi kwa treni ya SGR kufuatilia karatasi za pensheni, ofisini akaambiwa aje kesho. Kesho ilipofika akaambiwa aje kesho. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia bandarini Kilindini, juu kwenye kibanda cha kreni, na mtu aliyezoea kuona meli, kisiwa na bahari kwa mtazamo mmoja hawezi kuwekwa kwenye chumba changu cha mtaa wa Umoja, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, asinune. Alinuna. Akawa anaamka alfajiri, anaswali, kisha anasimama pale dirishani akitazama matofali.

"Mji gani huu, mwanangu, jua mwaliona lishafika utosini? Lawafikia likiwa mitumba. Sisi Mombasa tushalivaa."

Kwa hesabu hakukosea. Mombasa iko mashariki ya Nairobi kwa karibu nyuzi tatu za longitudo, kwa hiyo jua huwachomozea wao dakika kumi na kitu kabla yetu. Sikumwambia hivyo. Ukimpa Mjomba hoja moja atakujengea nyumba nzima juu yake.

Wiki hiyo tangazo lilipita kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini: safari ya alfajiri kwenda Milima ya Ngong kutazama jua likichomoza. Pesa uliyolipa ilikuwa ya usafiri, ada ya msitu, askari wa kuwasindikiza na chai baadaye. Nilipomweleza Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kulipa! Ili uone jua! Lakini jioni nilimkuta akipiga pasi shati jeupe, nikajua amekubali.

Tulikutana mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa saa kumi alfajiri. Nairobi ya saa kumi ni miji miwili inayopishana: waliotoka kilabu wakiwa na viatu mkononi, na akina mama wa Wakulima Market wakiwa na magunia begani, wote wanagombania matatu za kwanza. Mjomba alikuwa na koti la suti, kofia ya viua, na kanga ya mkewe shingoni badala ya mafla. Vijana wengine walivaa jaketi za kupandia milima na viatu vya bei. Walimtazama, wakatazamana. Van ilichelewa nusu saa, na kiongozi wetu, msichana mchangamfu mwenye spika ndogo iliyoning'inia begini, alirudia kila baada ya dakika tano, "Wasee, dere amefika Haile Selassie."

Barabara ya Ngong usiku ni raha ambayo mchana huipati. Tulipita Dagoretti Corner bila breki, tukapita Karen, na tulipofika Bulbul adhana ya alfajiri ikatukuta. Mjomba akakaa wima. Alitaka gari lisimame, kiongozi akasema tukisimama jua litatuacha, na kwa muda mambo yakawa magumu kidogo mle ndani. Wakakubaliana kwamba ataswali tukifika getini, mwendo wa dakika chache tu.

Getini ndipo tulipompata askari wa msitu, Mmaasai wa makamo, bunduki begani na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Vilima hivyo viko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na zamani kulikuwa na visa vya watu kuporwa huko juu, ndiyo maana makundi huenda na askari. Mjomba alimuuliza kaskazini ni wapi, kwa sababu huku kwetu kibla ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Askari akazima tochi, akainua uso akatazama nyota kitambo, akanyoosha mkono gizani.

"Hapo, mzee. Kulia kidogo kwa hapo ni Mlima Kenya, lakini saa hii hautauona."

Mjomba akatandika kanga juu ya nyasi zenye umande. Askari akasimama pembeni akiwazuia wengine wasipite mbele yake, na bila mtu kumwambia akamwomba kiongozi wetu azime muziki. Tangu hapo wale wawili wakawa marafiki.

Tulianza kupanda. Mitambo ya upepo uliisikia kabla ya kuiona: mvumo mzito unaokuja, unapita, unakuja tena juu ya kichwa chako, na wewe huoni kitu. Halafu tochi ikagonga mnara mweupe, mnene kuliko nilivyodhani, na juu yake panga moja likashuka kutoka gizani na kupotea. Mjomba alisimama. Wote tukalazimika kusimama.

"Nani hupanda kupaka grisi?"

Askari akacheka. Alisema mafundi wana ngazi ndani ya mnara. Alitueleza kwamba mitambo ya kwanza iliwekwa hapo mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, baadaye KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ikaongeza mingine, na sasa kituo chote kina uwezo wa megawati 25.5. Mjomba aliuliza upepo ukizidi hufanywa nini. Huzimwa, akajibiwa. Akatikisa kichwa, ameridhika, maana kreni nazo hufungwa upepo ukizidi, na siku nyingi za kazi yake alizikalia chini akisubiri bahari itulie. "Upepo uliokuwa ukitufunga kazi, nyinyi huku mwauvuna," alisema. Kiongozi wetu aliangalia saa.

Ngong si kilima kimoja. Ni mgongo wenye vilele vinavyofuatana, unapanda ukidhani umefika, unashuka, unapanda tena. Kilele kirefu zaidi kina mita 2,460, sisi hatukwenda hadi huko. Kiongozi alichagua kilele cha karibu chenye nyasi fupi, panapofaa picha. Magoti ya Mjomba yalilalamika lakini mdomo wake haukulalamika, jambo nililoliona la ajabu kuliko mlima. Upepo uliingia kwenye koti lake la suti ukalijaza, na mara mbili askari alimshika kiwiko bila kusema neno.

Huko juu tuligeukia mji. Sijawahi kuipenda Nairobi hivyo, labda kwa sababu kelele zake hazikufika. Taa zilianza miguuni petu mjini Ngong, zikapita Rongai na Karen mpaka zikarundikana Upper Hill na katikati ya jiji. Lakini upande wa kulia kulikuwa na pengo kubwa jeusi, halina hata taa moja.

"Pale stima zimepotea?" Mjomba aliuliza.

"Hapana mzee. Pale simba wamelala."

Ilikuwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 zilizotengwa tangu 1946, na ukiiona hivi usiku ndipo unaelewa jinsi mji ulivyoizingira. Mchana ukipita Lang'ata Road unaona ua tu.

Kwetu huku karibu na ikweta mapambazuko hayana subira. Dakika chache huwezi kuona mkono wako, dakika chache baadaye unaona vishikizo vya koti la mwenzako. Na katika mwanga huo wa mwanzo, kaskazini-mashariki, juu ya ukungu, kikatokea kilele cheusi kilichopasuka juu. Mlima Kenya. Kutoka Ngong ni zaidi ya kilomita 150, ila kabla vumbi na mawingu ya mchana hayajaamka unauona wazi kabisa, na kwa sababu vilele vyake, Batian na Nelion, vinasimama bega kwa bega huwezi kuuchanganya na mlima mwingine. Mjomba alipima kwa mkono upande aliokuwa ameswali, akaona haukuwa mbali na mlima. Akafurahi sana, wala hakueleza kwa nini.

Badala yake alianza kuwasomesha vijana. Je, wanajua kwamba mzungu aliyeuona mlima huo na kuuandikia Ulaya alikuwa mkazi wa Rabai, mwendo mfupi tu kutoka Mombasa? Krapf! Aliuona kutoka Kitui mwaka 1849. Na mwenzake Rebmann, wa Rabai vilevile, alikuwa ameshauona Kilimanjaro mwaka mmoja kabla. Waliposema kuna theluji kwenye ikweta, mabingwa wa London waliwabishia. "Wakamba waliompeleka walikuwa wakiuona kila siku," Mjomba akaongeza, "lakini wao hakuna aliyewauliza." Kijana mmoja mwenye viatu vya bei alitoa simu, nikadhani anarekodi. Alikuwa anatafuta mtandao.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na kitu muziki ukawashwa tena. Watu wakajipanga ukingoni wakitazama mashariki, simu zimeinuliwa. Mmoja akaanza kuhesabu kurudi nyuma kwa sauti, akafika sifuri, jua halikutoka, akaanza upya. Lilipotoka lilitokea juu ya utando wa vumbi upande wa Ukambani, jekundu, limebanwa kidogo juu na chini, na shangwe zikapigwa. Dada mmoja alilia, kweli alilia. Mimi nilipiga picha ambazo sijawahi kuzifungua tena.

Mjomba alilitazama dakika moja, mikono mgongoni.

"Ndilo lile lile," alisema.

Nilisikitika, nikiri. Pesa zangu, usingizi wangu. Nikamtafuta yule askari kwa macho ili angalau ampe Mjomba hadithi nyingine, nikamkuta amekaa juu ya jiwe upande wa pili wa mgongo wa kilima, ametupa kisogo sisi na jua letu.

"Mzee," aliita bila kugeuka. "Njoo uone huku."

Upande wa mashariki Ngong hushuka polepole. Upande wa magharibi ardhi inakatika. Milima hii ni mabaki ya volkano ya kale, na Bonde la Ufa lilipofunguka nusu yake ya magharibi ilikatwa ikazama, kwa hiyo unasimama ukingoni mwa mlima ambao upande wake mmoja haupo. Chini yetu bonde lilikuwa bado usiku. Usiku halisi, wa buluu, wenye moshi wa boma moja moja na kengele za mbuzi ambazo upepo ulizileta na kuzinyang'anya. Lakini mbali kabisa, ukuta wa Nguruman, ng'ambo ya bonde, ulikuwa umeshawaka, na vilele vya Suswa na Longonot upande wa kulia navyo vimeshika rangi. Katikati ya mwanga ule na sisi, juu ya tambarare, kililala kivuli cha Ngong yenyewe, kilima kwa kilima.

"Angalia ukingo wake," askari alisema.

Ukingo ulikuwa unatembea. Jua la ikweta hupanda karibu wima, digrii moja kila dakika nne, na kila likipanda kivuli kilirudi kwetu kilomita kwa kilomita, mkeka unaokunjwa kuanzia ncha ya mbali. Kila ukingo ulipopita boma lenye paa la bati, bati lilimeta mara moja, kali, likazima. Kisha jingine, karibu zaidi.

Mjomba alichuchumaa na magoti yake yote. Akavua saa ya mkononi akaishika kiganjani. Alichagua kilima kidogo chenye mti mmoja, akamwambia askari kivuli kitakiacha baada ya dakika tano. Askari akasema nne. Bandarini, Mjomba alinieleza baadaye, hawakuhitaji saa, walisoma kivuli cha mkono wa kreni juu ya gati, na mwenye kreni aliyeshindwa kukisoma angeweza kushusha kontena mahali ambapo mpakiaji haoni kitu kwa mwangaza wa jua machoni.

Nyuma yetu kiongozi akapaza sauti. "Mzee! Mnakosa jua!"

"Lipigeni picha nyinyi," alijibu bila kuinua kichwa. "Sisi twalihesabia."

Askari ndiye aliyeshinda. Mjomba alidai saa yake ina kasi, wakachagua boma jingine, na jingine. Katikati ya mashindano askari alisimulia ile hadithi ya Wamaasai ya jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka huku, udongo ukabonyea kwa mkono wake na kubaki na alama za vifundo vya vidole. Mjomba akahesabu vilele, akauliza kidole gumba kiliangukia wapi. Mimi nilikaa kati yao, baridi imenipata mpaka kwenye meno, na sikutaka kuondoka.

Kivuli kilipofika mguuni mwa mteremko na kuanza kujificha chini yetu, wenzetu walikuwa wameshafunga mabegi.

Chai tulinywea getini, kutoka kwenye thermos kubwa, na mandazi. Mjomba aliuma moja, akalitazama ndani, akatangaza kwamba halina iliki wala nazi, kwa hiyo ni mkate uliopata ajali ya mafuta. Alikula manne. Kisha akampigia mkewe Mombasa, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu hajui kuitumia vingine.

"Bibie, nimeona jua likipanda mlimani!"

"Na hapa limepanda, tena zamani," mkaza mjomba alijibu. "Kanga yangu iko wapi?"

Mjomba akaitazama shingoni mwake. Ilikuwa na umande, majani makavu, na doa la chai kwenye jina. Akanipa simu mimi, akaenda kumuaga askari, na maagano yao yakachukua muda mrefu kupita kiasi.