Siku moja maishani mwangu: kuvuna matomoko Kangundo

Watu wakiona tunda la tomoko sokoni wanadhani linajiotea tu kando ya boma. Mimi nalima matomoko huku Kangundo, Machakos, na nataka mjue kazi yenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwa miti na brashi ndogo kabla jua liwe kali. Ua la tomoko huanza likiwa la kike, kesho yake alasiri linageuka la kiume na kutoa poleni, yaani chavua, ule unga wa ua, kwa hivyo ile nilikusanya jana jioni ndiyo napaka leo kwa maua yenye yamefunguka kidogo tu. Nyuki haingii vizuri hapo. Ua likipakwa upande mmoja, tunda linatoka limepinda na broka, yule dalali wa kununua, hataki hata kuliona.

Saa mbili mpaka saa tano nakata. Ukubwa haunidanganyi, naangalia ganda, likitoka kijani kizito likawa kijani cha kufifia limefika. Nakata na makasi, naacha kikonyo kifupi, napanga kwa kreti na nyasi kavu.

Broka alisema saa sita. Saa saba hakuna mtu, saa nane anapiga ati pikipiki imepata pancha, na mimi nimekaa hapo nachunga kreti zisipigwe na jua, kula sijakula, halafu akifika salamu hakuna, anaanza kuminya matunda na kidole gumba moja baada ya lingine. "Mum, haya ni mawe, nitauzia nani?" Nikamwambia, kijana yangu, tomoko huvunwa likiwa gumu, linaiva lenyewe baada ya siku chache, na hapo umeminya patakuwa peusi. Tulikuwa tumekubaliana bob 30 kwa moja, sasa anasema 15. Nikaingia jikoni nikatoa lililoiva, nikapasua, nyama nyeupe laini kama maziwa lala. Akala lote, akatema mbegu, akasema 20. Nikakataa, nikaanza kurudisha kreti ndani ya nyumba. Hapo ndio akatoa pesa ya 30, na yale aliminya pia akalipia.

Sasa jua linashuka, mgongo umekataa, lakini maua ya kiume ndio yanafunguka. Nayakung'uta kwa kikopo polepole. Watoto wanakula yale yamepinda, mbegu nawatolea mwenyewe kwa sababu zikitafunwa ni sumu, kisha nasongea mti unaofuata.