Nimefunga banda la kuku

Jana jioni nimeuza kuku wa mwisho. Leo banda nimelifagia, nikalifunga. Miaka minne ya kuku wa nyama.

Nilipokuwa nafundisha shule ya msingi hapa Arusha, saa tisa na nusu nipo nyumbani. Kuku hawa wanataka mtu wa karibu: wiki ya kwanza joto likishuka tu, vifaranga wanarundikana na kukanyagana. Chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, maranda yawe makavu muda wote. Sasa ni muongoza watalii. Naingia Serengeti siku tano, sita, na kuna sehemu mtandao haushiki kabisa. Kazi yote ikabaki kwa mke wangu. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, naye alikuwa kapitiwa na usingizi. Vifaranga 60 wakafa kati ya 200. Niliporudi hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Banda hili limemlipia mdogo wangu ada ya chuo. Wateja wangu wa mtaani, asanteni sana. Vyombo vya maji na chakula nimempa jirani, anaanza wiki ijayo.