Wali Uliofukuliwa

Mwanangu ana usonji, yaani ubongo wake unapokea mambo tofauti na watoto wengi. Mwaka ule alikuwa na miaka saba, na chakula chake kilikuwa vitu vitatu tu: wali mweupe, muhogo wa kuchemsha, na nyama ya ndani ya mkate ukishatolewa ganda. Kisamvu alikikimbia kikiwa bado jikoni. Mlenda usiutaje kabisa. Wifi yangu aliniambia namdekeza. Nilinyamaza, maana na mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Ndipo nikasoma kwenye simu kuhusu mboga changa, zile zinazokatwa siku chache tu baada ya kuota. Wengine walizisifu kana kwamba ni dawa ya usonji. Si dawa. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2014 yaliwapa vijana wenye usonji dondoo, yaani kiini kilichokamuliwa, la machipukizi ya brokoli, mboga ya jamii ya kabichi, kwa wiki 18, si majani ya kutafuna. Wengi walionyesha nafuu, lakini walipoacha, hali ilianza kurudi ilikokuwa. Mimi sikutafuta miujiza. Nilitaka apate kijani kidogo tu mwilini.

Brokoli hapa Mtwara ningeitoa wapi? Jirani yetu wa Shangani alikuwa na mchicha uliozaa, akanipa mbegu za shambani kwake. Za dukani niliziogopa kwa sababu nyingi huwa zimepakwa dawa. Nikapasua dumu, nikajaza udongo, nikamwaga mbegu. Joto letu halina mchezo: siku ya tisa dumu lilikuwa limejaa majani mawilimawili, mashina yana wekundu kwa chini. Nikakata kwa mkasi, nikakatakata mpaka yakawa kama chumvi, nikachanganya na wali. Juu nikafunika kwa wali mweupe.

Nilijiona mjanja.

Alikula vijiko vitatu. Cha nne alikisimamisha hewani, akakitazama. Hakulia. Alikirudisha, akaisukuma sahani taratibu hadi ukingoni mwa meza, akaondoka. Jioni nikapika wali mpya, mweupe pepe. Akaufukua mpaka chini, akauacha. Kesho yake hivyohivyo. Siku nne hakula wali. Vitu vitatu vikabaki viwili.

Bibi yake akaja kutoka Mikindani. Nikamsimulia. "Mwanangu," akasema, "umemlisha kwa hila. Sasa kila sahani ataipekua."

Dumu lilibaki barazani, sitaki hata kuliona. Siku ya tano nikamkuta mtoto amechuchumaa mbele ya dumu, anang'oa mashina yaliyosalia na kuyapanga sakafuni mstari mmoja, majani huku, mizizi kule. Nikakaa mbali. Akachukua moja, akalinusa, akaligusisha ulimi, akatema. Akachukua jingine.

Usiku nikampakulia wali mweupe. Pembeni, kwenye kisahani chake, nikaweka mashina matano niliyoyaosha, yamelala mstari. Wali aliufukua kwanza, mpaka chini. Halafu akala. Mashina hakuyala, lile la pili lilikuwa limepinda, akalinyoosha kwa kidole.