Ami akawa bubu, nami nikawa kiziwi

Ijumaa baada ya Isha, sebuleni kwa Ami huko Kibokoni, Mombasa, meza huwekwa chini ya feni, na birika la kahawa tungu hukaa chini sakafuni, mbali na karata, maana kuna mtu aliwahi kuimwaga (si mimi). Tunacheza briji, watu wanne, wawili kwa wawili, bila pesa. Ami ana miaka 78. Aliujua mchezo huu ujanani kwa wakubwa zake wa kazi bandarini Kilindini, akanifundisha mimi kwa sababu wanawe wote waliukimbia. Yeye huuita mchezo wa melini, na hakosei sana: hesabu ya alama tunayotumia aliitunga Mmarekani, Harold Vanderbilt, mwaka 1925 akiwa safarini kwa meli kupitia mfereji wa Panama.

Basi Ijumaa iliyopita nikataja shupaza nne. Yaani shupaza ndiyo turufu, inayozishinda karata nyingine zote, na nimejifunga kupata mafungu 10 kati ya 13 (fungu ni karata nne za mzunguko mmoja). Jirani wa kushotoni kwangu akaanza na mfalme wa kopa. Hapo Ami akatandaza karata zake zote mezani, wazi, akawa bubu. Ndiyo kanuni: mwenzake mchezaji huweka karata chini na mdomo akaufunga mpaka mchezo uishe. Kwa mtu ambaye humwelekeza hata dereva wa matatu pa kupita, hiyo ni adhabu.

Mimi nilishika shupaza ree, mfalme, malkia, ghulamu na 6; kopa ree, 8 na 4; uru 7, 5 na 3; pau ree na 9. Ami alikuwa na shupaza 10, 9 na 3. Kopa 7 na 3. Uru ree, mfalme, 6 na 4. Pau 8, 6, 4 na 2.

Nilifurahi mno kuziona shupaza zangu. Nikala kopa ile kwa ree, kisha nikaanza kuzivuta turufu, moja, mbili, tatu, mpaka wapinzani wakaishiwa. Siku ya kwanza ya kujifunza wote huambiwa hivyo: wanyang'anye turufu kabla hawajakukatia, yaani kuila karata yako kwa turufu. Ami alikuwa akiutazama ukuta.

Kuhesabu nilianza baadaye. Shupaza zangu tano, ree ya kopa, ree na mfalme wa uru, ree ya pau. Tisa. La kumi litoke wapi? Nikajipa moyo kwamba uru sita zilizobaki kwa wapinzani zimegawanyika tatu kwa tatu, ili ile ya nne ya Ami isimame, pasiwe na wa kuishinda. Nikawaachia fungu moja la uru. Wao wakachukua na kopa zao mbili papo hapo. Uru zilikuwa nne kwa mbili. Si bahati mbaya hiyo, wallahi: tatu kwa tatu hutokea kama mara 36 katika 100, na nne kwa mbili mara 48. Mwishoni nikawapa na pau. Wapinzani wakaandika alama 50, na zile 120 ambazo tungezipata sisi zikapita hivyo hivyo.

Bubu akapata ulimi. "Mwanangu, kopa za huku kwangu zilikuwa ngapi?"

Mbili. Zangu tatu. Fungu la kumi lilikuwa limelala pale mezani tangu karata ya kwanza! Ningekula kwa ree, nikarudisha kopa papo hapo na kuwaachia wale, mkono wa Ami ungeishiwa kopa. Hata wangenirudishia turufu, pale mezani bado zingebaki mbili. Kopa yangu ya mwisho ningeikata kwa 10 ya Ami, na hakuna wa kuikata juu yake, kwa kuwa kubwa kuliko zote walizokuwa nazo ilikuwa 8. Kisha ningerudi mkononi kwangu na hapo ndipo ningezivuta turufu. Lakini mimi, kila nilipocheza shupaza yangu kubwa, ya Ami ilianguka chini yake bure. Mbili zikafa kwa fungu moja. Nilikuwa nawanyang'anya wapinzani na kujinyang'anya mwenyewe pia.

Kinachoniuma ni kwamba haikuhitaji akili nyingi. Ilihitaji nusu dakika kabla ya kugusa karata yoyote ya mezani: nina mangapi ya hakika, nimepungukiwa mangapi, yatatoka wapi. Ami amewahi kuniambia niukalie mkono wangu wa kulia mpaka nimalize kuhesabu. Nilidhani ni mzaha.

(Shupaza, kopa, uru, pau, na hata turufu yenyewe, ni maneno ya Wareno. Wao walitolewa Fort Jesus mwaka 1698. Maneno yao yangali yanatufunga mabao Kibokoni.)

Wageni walipoondoka, Ami akazipanga tena karata zile zile, zote 52 kwa kichwa, akaweka mfalme wa kopa katikati ya meza. Nikaukalia mkono. Nikahesabu kwa sauti mpaka tisa, nikanyamaza, nikatazama kopa mbili za mezani. Ree. Kopa tena. Kukata kwa 10. Mafungu kumi, bila jasho.

Ami hakusema neno, ingawa safari hii hakuna kanuni iliyomkataza. Akainama kulitikisa birika, akasikiliza kama kuna kitu kimebaki.