Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Mayungiyungi wa Mbeya

Saa kumi na mbili asubuhi huwa nimekwisha kuvaa buti ndefu za mpira na kuingia bwawani. Mwezi huu wa Juni baridi ya Mbeya haina huruma, na wapita njia wanaoniona ndani ya maji hudhani ninang'oa magugu maji. Dhana hiyo huniumiza. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, nalo huelea popote upepo unapolisukuma. Yungiyungi la bluu ni mwenyeji wa Afrika, na shina lake nene limelala ndani ya tope, kila jani likipanda juu kwa kikonyo chake lenyewe.

Saa mbili za mwanzo huishia katika kukata majani yaliyooza na kufukia mbolea topeni. Ukikitazama kikonyo kilichokatwa utaona mifereji ya hewa iliyopita ndani yake kutoka juu hadi chini, kwa sababu tope la bwawa halina oksijeni ya kutosha na shina lililomo lazima lipate pumzi kutoka juu. Ndiyo maana pia vitundu vya kupitisha hewa viko upande wa juu wa jani, ilhali mimea mingi ya nchi kavu huwa na vingi zaidi upande wa chini.

Saa tatu, jua likipata nguvu, maua yanaanza kufunguka, nami husimama kidogo kuyatazama ingawa kazi inangoja. Ua moja hufunguka mchana na kufunga alasiri kwa siku kadhaa mfululizo, lakini kazi yake hubadilika. Siku ya kwanza ni la kike: katikati yake pana kikombe chenye umajimaji, na mdudu anayetumbukia humo huoshwa chavua aliyoibeba kutoka ua jingine, wengine huzama na kufa. Kuanzia siku ya pili kikombe kimekauka, na stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, ndizo zinazotoa chavua. Kwa mpango huo ua halijichavushi kwa urahisi.

Saa tano nilipeleka mabeseni ya mayungiyungi ya bluu kwenye ukumbi wa harusi. Mpambaji alikuwa ameagiza hayo mwenyewe, baada ya kuelezwa kwamba hayakeshi. Saa kumi simu ikaita.

"Dada, umeniletea maua yaliyokufa. Maharusi wanaingia saa moja!"

Nilipanda bajaji nikaenda. Nilimweleza, "Mama, hayajafa, yamefunga kama ilivyo desturi yake," lakini alitaka niyafungue kwa vidole. Nilikataa, kwa kuwa petali zikilazimishwa huchanika na kuwa za kahawia, na ua haliponi tena. Akaagiza maji ya moto, nikakataa pia. Akasema anadanganywa kwa sababu ni mteja mpya, akawaita vijana wa muziki wawe mashahidi, akarudia madai yaleyale kwa kila aliyeingia ukumbini, na mimi nikarudia maelezo yaleyale mpaka sauti ikakauka. Sikuondoka, kwa sababu mmea haukuwa na kosa lolote na nilitaka hilo lijulikane.

Hatimaye alikubali nimletee mayungiyungi meupe, aina ambayo hufunguka giza linapoingia na kufunga asubuhi ya siku inayofuata. Ninayalea ndani ya banda la nailoni, maana hayastahimili baridi yetu. Kuyabeba pamoja na maji yake, kurudi ukumbini na kuyapanga upya kulimaliza jioni yote. Migongo ya vijana wangu inajua uzito wa beseni lililojaa. Malipo aliyakata gharama ya usafiri, nami sikuwa na nguvu ya kubishana tena.

Usiku tuliyarudisha yale ya bluu bwawani kabla ya kula, kwa kuwa majani yake yakikaa nje ya maji hukauka haraka. Mengi yalikuwa katika siku ya pili ya kuchanua, kwa hiyo kesho jua likitoka yatafunguka tena.